Kutoka Mizani ya Bagamoyo hata Maduka ya Kampala: Habari za Marehemu Allidina Visram

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake, yafaa katika kijitabu hiki cha ukumbusho zisimuliwe habari za Mwislamu mmoja ambaye jina lake lilitajwa zamani kutoka pwani ya Mrima hata ng'ambo ya Ziwa la Nyanza, na ambaye vijana wengi wa leo hawamjui kabisa. Mtu huyo ni marehemu Allidina Visram. Wazungu wa wakati wake walimpa lakabu ya mfalme wa Uganda asiye na taji. Lakabu hiyo nusu yake ni heshima na nusu yake ni mzaha, kwa kuwa Uganda ilikuwa na Kabaka wake, na nchi za jirani zilikuwa na wafalme wao. Lakini yaonyesha jinsi mtu aliyefika pwani hana kitu alivyopata kuwa mkubwa mbele ya macho ya watawala.

Habari zake hazisimuliwi hapa kwa ajili ya mali yake. Matajiri wamekuwa wengi, na kaburi la tajiri halina urefu kuliko la maskini. Zasimuliwa kwa sababu ya swali ambalo huulizwa misikitini na mabarazani kila mwaka: mbona duka la kijana wa Kiislamu hufunguliwa kwa maulidi na ubani, wazee wakaomba dua, na kabla ya kutimia miaka miwili mlango una kufuli? Wako wasemao kwamba ni uchache wa rasilmali. Wako wasemao ni bahati, na wengine husingizia hasadi ya majirani. Katika kila neno la hayo pana chembe ya ukweli. Lakini mwenye kutazama maisha ya wafanyi biashara wa zamani ataona jambo jingine, nalo ni kwamba nguvu imsukumayo mtu kufungua duka siyo nguvu imwekayo dukani mwaka wa tano, wala siyo ile imwekayo mwaka wa ishirini. Asiyepata nguvu mpya wakati ile ya kwanza inapokwisha, huyo huchoka, na akichoka hutafuta wa kumlaumu.

Allidina Visram alizaliwa katikati ya karne ya 19 katika mji wa Kera, nchi ya Kutch, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Nchi ile ni kavu, mvua yake ni ya kubahatisha, na watu wake tangu kale wamezoea kuitazama bahari kama mkulima atazamavyo shamba. Kila mwaka pepo za kaskazi zilipovuma majahazi yalitweka kuja Unguja na pwani ya Afrika, na pepo za kusi zilipoanza yakarudi. Katika majahazi hayo walikuja Mabanyani, Mabohora na Makhoja. Allidina alikuwa katika jamaa ya Ismailia, na wengi wa wasomao kurasa hizi ni watu wa madhehebu ya Shafii. Tofauti hiyo inajulikana na haina haja ya kufichwa, wala haizuii mtu kutazama kazi ya mwenziwe na kujifunza.

Alifika Bagamoyo akali kijana mdogo, hana mali. Bagamoyo ya siku zile ilikuwa mlango wa bara. Ndiko ilikoanzia njia ya misafara iendayo Unyanyembe, na kutoka Tabora njia ikagawanyika, moja ikaenda Ujiji na nyingine ikapanda kaskazini kwa Karagwe mpaka Buganda. Kwa njia hiyo ya pili ndiko alikopita mfanya biashara Ahmed bin Ibrahim, aliyefika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844 na kumsomesha habari za Mungu Mmoja. Na Waislamu wa Uganda wajua kwamba dini yao ililetwa na watu wa nguo na pembe, si na watu wa majeshi.

Kijana akapata kazi katika nyumba ya Sewa Haji Paroo, Khoja mwenzake, tajiri mkubwa wa Bagamoyo. Huyu Sewa Haji ndiye aliyekuwa akiwatengenezea misafara Wazungu, akiwapatia wapagazi na bidhaa, na aliyetaka kwenda bara bila ya kupita mlangoni kwake alipata shida. Kazi ya mtumishi katika nyumba kama hiyo haikuwa ya fahari. Alfajiri baada ya sala hufunguliwa ghala. Marikani na kaniki zikapimwa, mikono minne ni shuka moja, na shuka mbili ni doti. Nguo zikafungwa matumba ya kadiri ya frasila mbili, kwa kuwa ndio mzigo ambao mpagazi aweza kuuchukua kichwani au begani miezi mitatu mpaka Tabora. Ushanga ukatungwa na kuhesabiwa. Pembe zilizotoka bara zikapimwa kwa mizani, zikagongwa na kuchunguliwa kama hazikutiwa kitu ndani kuzidisha uzito.

Hapo pana elimu ambayo haikuandikwa kitabuni. Ushanga uliopendwa nchi moja ulidharauliwa nchi ya pili. Samesame nyekundu iliweza kununua chakula mahali fulani, na mwendo wa siku kumi mbele yake watu wakaikataa kama mawe ya barabarani. Tajiri aliyepeleka rangi isiyopendwa alipata hasara ya msafara mzima, wala hakuwa na njia ya kujua ila kwa kuwauliza wapagazi na viongozi wa misafara, ambao wengi walikuwa Wanyamwezi na Waswahili Waislamu. Mtumishi aliyekaa mizanini akasikiliza watu hao kwa adabu alikuwa katika madrasa, ingawa mwenyewe huenda alijiona yuko utumwani.

Nini kilichomweka kijana huyo mizanini? Bila shaka ni haja. Aliyevuka bahari kwa jahazi hawezi kurudi kwao mikono mitupu na kuwatazama jamaa zake usoni. Haja ni msukumo mkali, na wazee hawakukosea waliposema mwenye haja ndiye mwendaji. Ila ina kasoro yake. Haja hufa siku tumbo linaposhiba. Vijana wengi waliokuja katika majahazi yale yale walifika mahali pa kula vizuri na kuvaa vizuri, wakaoa, wakakaa makarani mpaka uzee, wala hapana aibu katika hilo. Allidina hakukaa.

Akaanza kuandaa misafara yake mwenyewe, na hapa ndipo biashara inapobadilika sura. Aandaaye msafara hutoa bidhaa leo, nazo nyingi amezikopa kwa matajiri wa Unguja, akazitia mikononi mwa watu wanaopotea machoni pake nyuma ya miembe ya Bagamoyo. Habari za msafara zaweza kukatika kwa miezi mingi. Njiani kuna hongo za machifu, ndui, njaa, mito iliyofurika, na wapagazi wanaotoroka usiku na mizigo. Pembe zitarudi baada ya mwaka, au miwili, au hazitarudi. Katika muda huo wote mwenye mali huamka kila siku, akafungua duka, akajibu salamu za wanaomdai kwa uso mkunjufu. Haja haiwezi kumsaidia tena, maana kwa haja tupu angekwisha kuuza kilichobaki akakimbia deni.

Kinachomsimamisha mtu katika daraja hii ni amana. Nyumba ya Unguja imempa mali kwa neno lake, na yeye ameipa mali watu wengine kwa neno lao, na kamba hiyo ikikatika mahali pamoja wote wameanguka. Waislamu hawana haja ya kuambiwa habari hizi na wageni. Mtume (S.A.W.) kabla ya kupewa utume alikwenda Shamu na mali ya Bibi Khadija, akarudi na faida na hesabu iliyo safi, na Maquraishi walikuwa wakimwita Al-Amin. Wanachuoni wakaifanyia sharti zake biashara ya namna hiyo, mwenye mali akatoa rasilmali na mwenye nguvu akatoa safari yake, wakagawana faida. Misafara ya Bagamoyo haikufuata sharti zote hizo, na riba iliingia katika madeni mengi ya pwani, jambo ambalo halina sifa. Lakini mzizi wake ulikuwa mtu kujulikana kwa neno lake.

Siku hizo hazikuwa za raha. Mwaka 1888 Bushiri bin Salim na watu wa Mrima waliinuka kupigana na kampuni ya Wajerumani, na mizinga ya manowari ikaipiga Bagamoyo. Njia zikafungwa. Bushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889. Miaka miwili baadaye, mwaka 1891, serikali ya Kijerumani ikahamishia makao yake Dar es Salaam, na biashara ikaanza kuhama pamoja na maboma. Katika miaka hiyo hiyo ng'ombe wakafa kwa sotoka nchi nzima, na njaa ikafuata. Nyumba nyingi za biashara zilizimika. Allidina alikwisha kuweka mawakala katika vituo vya bara, Tabora na Ujiji miongoni mwake, na kwa hiyo pwani ilipofungwa hakuwa mtu wa mlango mmoja tu.

Mwaka 1897 Sewa Haji akafariki. Kabla ya kufa alikwisha kutoa nyumba ya skuli Bagamoyo, kwa sharti kwamba watoto wa kabila zote wasome humo, na akatoa mali ya kujenga hospitali Dar es Salaam, nayo kwa wagonjwa wa kabila zote. Kwa desturi za siku zile, ambapo kila kabila iliwekewa mlango wake, sharti hiyo ilikuwa neno zito. Baada yake Allidina akawa ndiye jina kubwa katika biashara ya misafara.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa kuliko yote katika habari hizi. Alipewa ukubwa wa misafara wakati ule ule misafara ilipokuwa inakufa. Mwaka 1896 Waingereza walikwisha kuanza kutandika reli kutoka Mombasa. Mtu wa kawaida, aliyefanya kazi miaka mingi mpaka akafika kileleni, angeketi juu ya kilele hicho apumzike. Naye alikuwa mtu wa makamo. Angeweza kusema, kama wengi walivyosema, kwamba reli ni mambo ya Wazungu na pembe zitachukuliwa na vichwa vya watu daima. Badala yake akaiacha njia aliyoijua kwa miaka mingi, akaifuata njia ambayo hakuna aliyeijua, na maduka yake yakaanza kuonekana kandokando ya reli kadiri ilivyosogea.

Reli ile ilijengwa na watu 32,000 hivi waliotolewa Bara Hindi, na wapata 2,500 wakafa kwa homa, kuhara, ajali na taabu nyinginezo. Simba wa Tsavo waliowala wafanya kazi mwaka 1898 wamesimuliwa mno, hata yaelekea watu husahau kwamba homa iliua wengi kuliko simba. Wafanya kazi hao walitaka unga, mchele, dengu, samli, nguo na tumbaku. Mwenye duka aliyekaa katika hema karibu na kambi yao alipata rupia, na pia alipata homa ile ile. Mwaka 1899 reli ikafika mahali ambapo leo ni Nairobi, na mwezi wa Disemba 1901 ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo.

Kabla reli haijafika ziwani, Allidina alikwisha kutia mguu Kampala. Ikumbukwe Buganda ilikuwa katika hali gani. Vita vya dini vilikuwa vimekwisha si zamani. Waislamu walioshika nchi kwa muda mfupi mwaka 1888 na 1889 walikuwa wameshindwa, na katika Mapatano ya mwaka 1900 walipewa saza moja tu, Butambala, huku Mwana wa Mfalme Nuhu Mbogo akitambuliwa kuwa kiongozi wao. Katika Mapatano hayo hayo serikali ikaweka kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka. Na rupia zitatoka wapi? Watu walikuwa wakitumia simbi, zile kauri zilizoletwa kutoka pwani, na mpaka leo kwa Luganda fedha huitwa ensimbi. Serikali haikutaka simbi kwa muda mrefu, nazo zikaanguka thamani mpaka kuzibeba kukawa ni taabu kuliko faida yake.

Mkulima mwenye kodi ya kulipa akachukua ngozi, ufuta, njugu, pilipili au nta, akazipeleka dukani kwa mwakilishi wa Allidina, akapewa rupia, na nyingine akanunulia shuka na chumvi kabla hajatoka mlangoni. Baada ya mwaka 1903 na 1904, mbegu za pamba zilipoletwa na kugawiwa wakulima, pamba ikaingia katika mizani hiyo hiyo na kuishinda mizigo mingine yote. Kufika mwaka 1904 maduka yake yalikuwa yamezidi 30, na yakaendelea kuongezeka: Kampala, Entebbe, Jinja, Kisumu, na vituo vidogo ambavyo Mzungu wa serikali alifika kwa nadra, hata katika nchi ya Kongo. Juu ya ziwa alikuwa na vyombo vyake vya kuchukulia mizigo.

Katika daraja hii nguvu ya mfanya biashara haitoki tena katika haja, wala katika amana peke yake. Hutoka katika kujua kwamba watu wanamtegemea. Asubuhi moja ambayo duka la kituo cha mbali lisingefunguliwa, mkulima angetembea siku mbili na mzigo wake bure, na karani wa serikali asingepata chumvi. Mtu akionja hali hiyo ya kutakwa na watu, hupata uvumilivu ambao fedha haiwezi kuununua. Ndiyo maana mwenye duka la kijijini anayejua majina ya watoto wa wanunuzi wake hudumu kuliko mwenye duka zuri la barabarani anayejua bei tu.

Maduka yote hayo hayakuweza kushikwa na mtu mmoja. Allidina aliwaleta vijana kutoka Kutch na kwingineko, akawaweka mizanini kama yeye alivyowekwa, kisha akawapa bidhaa kwa amana wakafungue mahali papya. Wasaidizi wake walifika mamia. Wengi wao baadaye walijitenga wakawa matajiri kwa majina yao wenyewe, wala haikusikika kwamba aliwafanyia uadui kwa hilo. Alichopewa na Sewa Haji alikigawa.

Lakini haki yataka isemwe pia kwamba alikigawa kwa upande mmoja. Waswahili, Wanyamwezi na Waganda Waislamu, ambao waliijua njia kabla yake, waliochukua mizigo, waliosema lugha za nchi, na ambao bila ya hao tumba moja la marikani lisingefika ziwani, wao walibaki kuwa wapagazi, wapimaji, wapishi na walinzi. Mizani walishika, daftari hawakupewa. Sababu zake si chuki tu. Daftari liliandikwa Kigujarati, mkopo ulipita katika nyumba za jamaa kwa jamaa, na benki haikumtazama Mwafrika. Na kwa upande wa pili, wazazi Waislamu wa Uganda waliogopa kuwapeleka watoto katika skuli za misheni wasije wakabatizwa, na khofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini skuli nyingine zilikuwa haba mno, na mtoto akabaki bila hesabu ya kuandika. Waislamu wakaelekea katika uchinjaji, udereva na biashara ndogo ndogo za kuzungusha. Kizazi kizima kilisimama karibu na biashara kubwa kuliko zote katika nchi, kikaiona kila siku, kisiingie ndani yake.

Turudi kwa mwenyewe. Kufika karibu na mwaka 1910 Allidina alikuwa amekwisha kutoka katika kuuza na kununua tu, akaingia katika viwanda na mashamba. Alikuwa na mitambo ya kuchambua pamba, vinu vya kukamua mafuta ya ufuta na nazi, kazi ya sabuni, ya soda, ya kupasua mbao na ya samani, na mashamba makubwa ya mpira, miwa na miti ya matunda. Daraja hii ndiyo yenye hatari, na hatari yake haionekani kwa macho. Mwenye duka moja akiwa na huzuni, duka lake huonyesha huzuni siku ile ile, naye atajirekebisha. Mwenye mali iliyotapakaa nchi tatu aweza kuchoka moyoni miaka mitano bila mtu kujua, hata yeye mwenyewe, kwa kuwa gurudumu lazunguka kwa nguvu iliyosukumwa zamani.

Dawa aliyoitumia ilikuwa ni kusafiri. Mpaka uzee wake hakuacha kwenda mwenyewe kuyatazama maduka na mawakala, ijapokuwa alikuwa na watu wa kutuma. Pengine ni tabia ya mtu wa misafara ambaye miguu yake haijui kutulia. Pengine ni kwamba alijua kuwa nyumba yake yote imejengwa juu ya jicho lake. Dawa ya pili ilikuwa ni kutoa. Alisaidia hospitali na watu wa Msalaba Mwekundu wakati wa Vita Kuu, na akachangia hata ujenzi wa kanisa kuu la Namirembe, Kampala. Jambo hilo la mwisho liliwashangaza Waislamu wengine na huenda linawashangaza baadhi ya wasomaji. Wanachuoni wana maneno yao juu ya mchango wa namna hiyo, na hapa si mahali pa kutoa fatwa. Kwa mwanahistoria latosha kusema kwamba aliwahesabu watu wote wa Kampala kuwa ni majirani zake, kwa kuwa wote walinunua kwake.

Vita vya 1914 vilipoingia, bei ya mpira ilikuwa imekwisha kuanguka, na njia za meli zikawa za mashaka. Allidina hakukaa Mombasa kungoja amani. Mwaka 1916 alikuwa katika safari ya biashara upande wa Kongo, akapatwa na homa, nayo ikawa ndiyo sababu ya kufa kwake. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Alikuwa na umri wa miaka sitini na zaidi, na mtu wa umri huo na mali ile angeweza kufia kitandani pake.

Kazi yote ikamwangukia mwanawe, Abdul Rasul. Si haki kumlaumu mtoto huyo kama wengine walivyofanya, maana alipokea nyumba kubwa katika miaka mibaya. Vita vilipokwisha bei za pamba, ngozi na mazao mengine zilipanda kidogo kisha zikaporomoka mwaka 1920 na 1921. Tena serikali ikabadili fedha. Rupia 15 zilikuwa zikihesabiwa pauni moja. Mwaka 1920 zikafanywa 10 kwa pauni, mahali pa rupia pakachukuliwa na florini, na baada ya muda mfupi ikaja shilingi. Aliyekuwa akidaiwa rupia 15,000, zilizokuwa sawa na pauni 1,000, akajikuta deni lake limekuwa pauni 1,500 bila ya kukopa hata senti, na mazao ya kulipia yamepungua thamani Ulaya. Nyumba yenye madeni ya watu wengi na mawakala wengi iliumia kuliko kibanda cha sokoni.

Lakini palikuwa na ugonjwa mwingine ambao haukuletwa na serikali. Mawakala wale wa mbali walikuwa wamefunga ahadi na Allidina, si na kampuni. Walimjua sauti yake na hasira yake. Alipofariki, wengi waliona ahadi imezikwa pamoja naye, wengine wakachelewesha hesabu, wengine wakafanya mali kuwa yao. Mwana alirithi majengo, mashamba na madaftari, ila ile miaka ya kukaa mizanini, ya kungoja msafara usiojulikana uko wapi, ya kulala katika hema kandokando ya reli, hiyo hairithiwi, wala hukumu ya mirathi haina fungu lake. Abdul Rasul alifariki mwaka 1923, na katika miaka michache iliyofuata nyumba ile ya biashara ikavunjika, mali ikauzwa, na wale waliokuwa makarani wake wakawa wakubwa wa mji.

Nchi ya Uganda iliona jambo linalofanana na hilo, kwa kiasi kikubwa zaidi, miaka hamsini baadaye. Mwezi wa Agosti 1972 Rais Idi Amin alitoa amri ya kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Dhulma waliyofanyiwa watu wale, na Waislamu wengi walikuwa miongoni mwao, haina haja ya kupambwa kwa maneno. Maduka na viwanda wakapewa watu wengine, ambao watani wa mji waliwaita mafuta mingi, na Waislamu nao walikuwa miongoni mwa waliopewa. Palikuwa na watu waaminifu kati yao. Lakini mtu aliyeingia duka lililojaa, funguo mkononi, hajui bidhaa zilitoka wapi, zilinunuliwa kwa mkopo wa nani, wala lini ziagizwe nyingine, aliuza kilichokuwa juu ya rafu mpaka rafu ikabaki mbao. Hakuwa na haja, kwa kuwa alishiba siku ya kwanza. Hakuwa na amana, kwa kuwa hakukopeshwa na mtu aliyemjua. Na watu walimtegemea mwezi mmoja au miwili, kisha wakazoea kumpita. Baadaye mali nyingi zilirudishwa kwa wenyewe chini ya sheria ya mwaka 1982, hasa katika miaka ya 1990.

Kabla ya kufa, Abdul Rasul alikuwa amekwisha kutoa mali kwa ajili ya skuli Mombasa kwa jina la baba yake, nayo ikafunguliwa katika mwaka ule ule wa 1923. Skuli ya Allidina Visram iko mpaka leo, na watoto wa kila kabila wanasoma humo. Katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, liko jengo la wagonjwa liitwalo Sewa Haji, kwa jina la yule bwana aliyemweka kijana wa Kera mizanini, na wagonjwa wengi walalao humo hudhani ni jina la mahali.